Nimechukua friza kwa murabaha, haya ndo niliyoyaona

Wadau mnaoulizia benki zisizo na riba, mimi nimechukua friza ya kuuzia samaki kwa murabaha hapa Dar, yaani benki inanunua kitu kwanza halafu inakuuzia wewe kwa faida inayoijua kila mtu, na nawapa nyota nne kati ya tano.

Kwanza kwanini sikukopa kawaida. Afisa mikopo wa benki nyingine kila nikimwambia dada mimi riba sichukui yeye anashusha asilimia, mara tukupunguzie, mara miezi ya mwanzo usilipe, yaani anadhani nalia na bei. Riba hata iwe ndogo vipi ni riba, Qurani imehalalisha biashara ikaharamisha riba, na kila alivyoshusha ndo hasira zilivyonipanda. Wala sio mimi tu, mwaka 2007 kina Jeremy Ginges na Scott Atran walitoa utafiti waliofanya kwa Wapalestina na walowezi wa Kiyahudi, wakakuta ukimwongezea mtu maslahi ili alegeze kitu anachokiona kitakatifu ndo kwanza anakataa kwa hasira zaidi.

Sasa murabaha. Nilipeleka profoma, ile karatasi ya bei, ya duka la Kariakoo, nikasaini mkataba wa kwanza wa kuahidi kununua, afisa akaenda mwenyewe kukagua friza, benki ikalipa na risiti ikatoka kwa jina la benki. Hapo friza ni yao, ingeharibika siku ile hasara ni yao. Ndo wakaniuzia mimi kwa mkataba wa pili, bei waliyonunulia imeandikwa, faida yao imeandikwa chini yake, na jumla haipandi hata soko likiyumba. Wapo wanaosema hii ni riba imevalishwa kanzu, mi siwafichi, nilipiga hesabu na jumla ilizidi kidogo ule mkopo wa kule, na bado ningechagua hii hii, maana nalala nikijua chakula cha wanangu kimetoka wapi.

Nyota moja nimeitoa kwasababu ya kijana mmoja pale alitaka nisaini mikataba yote miwili kwa mpigo, kabla hawajanunua, eti kuokoa muda. Jamani hapana, utaniuziaje kitu ambacho bado sio chako? Hapo ndo penyewe, ukiparuka unabaki na mkopo wa kawaida wenye jina la Kiarabu. Niligoma, meneja akaja akanielewa bila ubishi, hapo nawapongeza.

Mkienda bebeni profoma na kitambulisho cha NIDA, na mkataba wa pili msiuguse mpaka muone risiti ya duka.