Uzoefu wangu: kabureta mpya ya 22R kwenye Land Rover 109 hapa Dodoma

Gari langu ni Land Rover 109 ya zamani, ila chini ya boneti imekaa injini ya Toyota 22R, ile ya petroli ya cc 2,366. Kabureta iliyokuja na injini ilikuwa imeliwa shafti ya kipepeo (kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta): ukiishika kwa vidole inacheza, inavuta hewa pembeni, na hakuna kurekebisha kunakosaidia. Nikanunua mpya ya kopi.

Imekaa kwenye manifoldi bila kulazimishwa, na kioo cha kuangalia kiwango cha mafuta kiko palepale mbele. Waya za kuzingatia ni mbili tu, ya choki (kizuizi cha hewa cha kuwashia injini ikiwa baridi) na ya solenoidi ya silensa (vali ya umeme ya mafuta ya injini ikinguruma bila kukanyagwa), zote zinataka moto unaokuja ukiwasha swichi. Ya solenoidi isipofungwa, gari halishiki silensa kabisa. Skrubu za kifuniko zilikuja zimelegea, kwa hiyo zikaze zote kabla ya kufunga. Gasketi ya chini ni nyembamba mno. Nilikata nyingine nene.

Kwenye tambarare lilienda vizuri. Shida ilikuja kwenye makorongo ya njia ya shambani kwangu, upande wa Hombolo. Ukishuka korongoni na kuanza kupanda ng'ambo, injini inakohoa, inatoa moshi mweusi, inazima. Kuiwasha tena ni mpaka ukanyage mafuta hadi mwisho na kupiga stata kwa muda. Plagi ukizitoa zimelowa petroli. Gereji moja waliniambia kopi ndivyo zilivyo, nirudishe dukani. Wengine wakasema ni mwinuko wa Dodoma. Ni kweli mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mafuta huzidi kidogo kwenye mchanganyiko, lakini hilo hupunguza nguvu tu, halizimi gari korongoni.

Jibu nililipata kwa fundi mmoja wa Kizota, na namna alivyolitafuta tatizo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Hakugusa skrubu hata moja. Alifungua chujio la hewa, akaniambia niwashe swichi bila kupiga stata. Pampu ya umeme ikaanza kulia, tukatazama kioo: mafuta yakapanda, yakapita alama ya katikati, kioo kikajaa. Ukichungulia kooni mwa kabureta unaona petroli inadondoka tone kwa tone, na injini haijazunguka hata kidogo. (Mkifanya hivi, asiwepo mwenye sigara karibu.) Kisha akawasha injini, ikanguruma ovyo, akachomoa waya wa pampu. Kiwango kikashuka taratibu hadi kwenye alama, moshi ukakata, silensa ikatulia kama saa, mpaka mafuta ya kwenye bakuli yakaisha ikazima.

"Kaka, kabureta haina kosa," akasema. "Inalishwa kwa nguvu."

Aliyepandikiza injini alikuwa ameiondoa pampu asilia ya 22R, ile inayosukumwa na kamshafti, akaweka ya umeme ya bei rahisi. Geji ilisoma karibu psi 8, wakati kabureta hii inataka kama 3 au 4. Presha ikizidi hapo, nido (sindano inayofunga mafuta yasiingie kwenye bakuli) inasukumwa, na floti, boya linaloibana, haina nguvu ya kuifunga. Kwenye tambarare injini inavumilia. Gari likiinua pua, mafuta yaliyozidi yanamwagikia kooni. Tukafunga regulata ya presha kati ya pampu na kabureta, tukaishusha hadi 3. Akaona pia kwamba maunti (vishikio vya injini) za kuchomelea zimeilaza injini nyuma kupita kiasi, akainua upande wa giaboksi hadi kabureta ikakaa sawa.

Tangu hapo nimelipandisha mpaka kwenye michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, njia ya mawe yenye mwinuko mkali, na halijanizimia. Mwenye 22R iliyokwisha shafti ya kabureta aichukue kabureta hii ya kopi, na kama pampu yake ni ya umeme anunue na regulata siku hiyohiyo.

Lalamiko langu moja ni choki. Ilikuja imekazwa mno, inachelewa kufunguka hata injini ikishapata joto, na gari linakula mafuta bure. Legeza skrubu 3 za kikombe chake, kizungushe kidogo upande wa kufungua, kaza, jaribu asubuhi injini ikiwa baridi.