Jeki ya giaboksi kwa Canter: nimenunua mbili, inayofanya kazi ni moja

Nina Canter inayoshusha kabichi na karoti kutoka Mgeta kwenda Morogoro mjini. Ile milima inakula klachi, na klachi ikiisha lazima giaboksi ishuke. Zamani tuliishusha kienyeji: fundi kalala chini, giaboksi inamlalia kifuani, utingo anashikilia kamba kwa juu. Siku moja kamba ikateleza. Fundi aliwahi kuvuta mkono, giaboksi ikatua kwenye udongo mahali mkono ulipokuwa. Jioni ile ile nikaanza kutafuta hela ya jeki ya kubebea giaboksi wakati wa kuishusha na kuirudisha.

Ya kwanza niliichagua kwa kuangalia uzito inaobeba tu. Duka moja pale Gerezani, Kariakoo, nikaonyeshwa jeki ndefu nyembamba ya kilo 500, muuzaji akaniapia kwamba ndiyo ya malori. Kufika nyumbani, hata ikishushwa yote inanifikia kiunoni! Kumbe ile ni ya gereji zenye mashine ya kunyanyulia gari au shimo, fundi anafanya kazi amesimama. Mimi gari nalipandisha kwenye stendi uani. Hela hawakurudisha, nikaja kuiuza kwa hasara kwa gereji yenye shimo.

Safari ya pili nilikwenda na futi ya kupimia. Nikachukua ile fupi pana, ya magurudumu manne, nayo ya kilo 500, kwa shilingi 680,000. Ikiwa chini kabisa ina sentimita 22. Hapo ndipo penye hesabu niliyoijua kwa kuumia: usipime tu kama jeki itaingia chini ya gari. Chukua kimo cha jeki ikiwa chini, jumlisha kimo cha giaboksi yenyewe, kisha uone kama jumla hiyo itapita chini ya chesisi. Mara ya kwanza giaboksi ilishuka vizuri kabisa, halafu ikagoma kutoka. Ikabidi tuongeze magogo chini ya stendi, na giaboksi iko palepale juu ya jeki.

Kilichonifanya nisijutie hela ni sahani ya juu ya jeki, inapokaa giaboksi. Ina skrubu mbili, moja inailaza mbele na nyuma, nyingine kushoto na kulia. Injini haikai sawasawa, imelala kidogo kwa nyuma, kwa hiyo wakati wa kurudisha, shafti ya giaboksi lazima ije kwa mlalo uleule ndipo meno yake yaingie kwenye pleti ya klachi. Zamani tulikuwa tunatikisa, tunasukuma kwa magoti, na kuna siku fundi alitaka kuivuta kwa kukaza bolti. Nikamzuia, maana hapo unapasua nyumba ya klachi au unapindisha pleti mpya. Sasa nazungusha skrubu robo robo, utingo anazungusha shafti ya nyuma giaboksi ikiwa kwenye gia, mara "tak", imeingia. (Pleti iwe imewekwa katikati kwanza. Kuiweka hivyo, sisi tunatumia shafti kuukuu ya giaboksi iliyokufa.)

Mabaya yapo. Magurudumu ni madogo, ya chuma, kwenye udongo yanazama, kwa hiyo natandika bati nene. Mnyororo wa kufungia giaboksi ulikuwa wa kuchekesha, nimeutupa, natumia mkanda wa kufungia mzigo. Valvu ya kushushia nayo haina subira: ukiifungua kwa pupa mzigo unadondoka, kwa hiyo ijaribu kwanza na gunia la mchanga. Baadaye sili ya jeki ilianza kutoa oili, nikabadilisha mwenyewe.

Jirani mwenye Scania alikuja kuiazima, nikamnyima. Hata kama kilo zingetosha, ile giaboksi yake ni ndefu mno kwa sahani hii, ingeinama upande mmoja kabla hajaifikisha katikati. Amenuna mpaka leo.