Gofu Limuru: mandhari ya chai, nyasi zenye ukaidi

Limuru Country Club ina mashimo 18 yaliyopangwa kwenye miinuko ya Kiambu, jirani na mashamba ya chai. Kwa mandhari pekee, nauli ya kutoka Nairobi inalipa.

Sasa mchezo wenyewe. Limuru iko kama mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo mpira huruka mbali zaidi kwa karibu asilimia 8. Fimbo namba 7 inayokupa mita 150 ukiwa Mombasa, hapa inaweza kukupa 162. Baridi ya asubuhi hupunguza faida hiyo, kwa hiyo usiiamini kabla jua halijachomoza vizuri.

Taabu kubwa ni nyasi za kikuyu. Katikati ya njia ya kuchezea (fairway) zinauinua mpira vizuri, raha tupu. Ukitoka pembeni, majani yake manene hushika shingo ya fimbo na kuigeuza uso, mpira ukaenda kushoto (kwa anayepiga kwa mkono wa kulia). Acha tamaa: chukua fimbo namba 9 au weji (fimbo fupi ya kuurusha mpira juu), kaza mkono wa kushoto, shusha fimbo kwa pembe kali. Karibu na grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) usijaribu kuuviringisha mpira, nyasi zitaunasa. Urushe utue juu ya grini yenyewe.

Januari na Februari ndiyo miezi mizuri. Julai, ukungu unaweza kuficha bendera ya shimo. Beba sweta, na umsikilize kedi, msaidizi anayekubebea fimbo.