Kitabu Kipi cha Mwongozo wa Safari Ununue Kama Bado Hujui Uende Wapi

Watu wengi hununua kitabu cha mwongozo wakiwa wameshakata tiketi. Hapo kitabu kinabakiwa na kazi ya kuonyesha hoteli na kituo cha basi, na kazi hiyo simu inaiweza vizuri tu. Faida yake kubwa huwa kabla ya hapo, wakati una likizo na akiba kidogo lakini hujui uelekee wapi. Simu hujibu ulichouliza. Kitabu hukutajia mahali ambapo usingewaza hata kupaulizia. Kwa hiyo nimevipanga vitabu hivi kwa kigezo kimoja tu: kipi kinakusaidia zaidi kuchagua pa kwenda.

Namba moja, na kwa maoni yangu hakina mshindani, ni kitabu cha kanda, yaani kinachokusanya nchi kadhaa zilizo jirani. Mfano mzuri ni cha wachapishaji Lonely Planet kinachounganisha Georgia, Armenia na Azerbaijan. Kwenye ramani ya kawaida utaona nchi tatu zimepakana na utajipangia kuzizunguka zote kwa mkupuo. Ukifika kwenye sehemu ya usafiri unakuta kwamba mpaka wa Armenia na Azerbaijan umefungwa tangu vita vya miaka ya 1990. Mpango mzima unageuka papo hapo: Georgia ndiyo mlango wa kupitia, na huenda ukaona inakutosha yenyewe. Uamuzi wa namna hiyo huupati kwa kutazama picha za makanisa ya milimani, hata ziwe nzuri vipi.

Wazo hili ni la zamani. South American Handbook, kilichobeba bara zima la Amerika Kusini ndani ya jalada moja, kilianza kutoka mwaka 1924. Ukinunua kitabu cha kanda, usianze na sura za nchi. Anza na kurasa za mbele zenye njia za wiki moja au mbili na kalenda ya mwezi kwa mwezi. Hapo ndipo utajua miji gani inaunganika kwa safari moja na ipi inakudai siku nzima barabarani.

Namba mbili ni kitabu cha nchi moja, lakini cha mchapishaji anayejali sehemu zisizotembelewa sana. Hapa nawapa nafasi Bradt, walioanza mwaka 1974. Nchi ambayo wengine huipitia kwa kurasa chache, wao huiandikia kitabu kizima. Uvumilivu unahitajika, kwa sababu maandishi ni mengi na picha ni chache. Rough Guides, iliyoanza mwaka 1982 na kitabu cha Ugiriki, naiweka pembeni yao kwa ajili ya maelezo yake ya historia na utamaduni. Msomaji anayetaka kuelewa watu kabla ya kuona majengo atafurahia zaidi huko.

Namba tatu ni vitabu vya picha vya DK Eyewitness. Michoro yao inayopasua jengo na kukuonyesha kilichomo ndani ni kazi ya kupendeza kweli, na familia yenye watoto hukubaliana haraka ikivifungua mezani. Kwa kuchagua nchi, hata hivyo, picha huficha mengi: haionyeshi foleni wala joto la mchana.

Namba nne ni yale majitabu makubwa ya dunia nzima, kila nchi kurasa mbili. Yanafaa kwa zawadi. Humo kila mahali panavutia, kwa hiyo hayakusaidii kukataa chochote, na kuchagua bila kukataa haiwezekani. Vya mwisho kabisa ni vijitabu vya mfukoni vya mji mmoja. Hivyo nunua ukishaamua.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa hakimiliki. Tafuta mwaka wa toleo, si mwaka wa kuchapwa tena, kwa kuwa kitabu kinaweza kuchapwa upya bila kubadilishwa hata mstari. Kumbuka pia kwamba utafiti hufanyika miezi mingi kabla ya kitabu kufika dukani. Kitabu cha Ufaransa cha mwaka 2018 kitakupeleka ndani ya Notre-Dame, kanisa kuu la Paris, kama kawaida, na cha 2021 kitakwambia limefungwa kwa sababu ya moto wa Aprili 2019, ilhali lilifunguliwa tena Desemba 2024. Venice ilianza kuwatoza wageni wa kutwa ada ya kuingia katika siku maalumu mwaka 2024. Mambo ya viza na ada huchakaa upesi namna hiyo, lakini milima, majira ya mvua na umbali vitabaki vilevile.

Kisha kipime ukweli wake. Fungua sehemu inayohusu mahali unapopafahamu vizuri, usome aya mbili. Kikikosea pale unapopajua, usikiamini usikopajua. Au tafuta tahadhari mahususi: kitabu cha Peru kisichotaja kwamba Njia ya Inka, ile ya miguu kuelekea magofu ya Machu Picchu, hufungwa kila Februari, kirudishe rafuni. Kitabu kizuri husema wazi pia nini cha kuacha ikiwa siku zako ni chache. Mimi hukitafuta kitu hicho kuliko vyote, na si waandishi wengi wanaothubutu.

Kuhusu mtumba: kitabu cha kanda cha miaka mitano iliyopita bado kinafaa kuchagulia, na ukishachagua, nunua toleo jipya la nchi yenyewe. Toleo la simu ni jepesi kubeba na kutafutia majina, ila ramani zake husumbua kwenye kioo kidogo, na kuruka kutoka sura hadi sura kwa kidole kunachosha. Kwa kuchagulia, nunua cha karatasi.