iPad imejifunga: uifutie hapohapo au kwa kompyuta?

Mpwa wangu hapa Kondele alisahau nambari ya siri, akabahatisha mpaka iPad ikajifunga. Kuifutia hapohapo, kwenye iPad yenyewe, kunataka iPadOS (mfumo wa iPad) 15.2 au mpya zaidi, intaneti na nywila ya Apple ID (akaunti ya Apple, siku hizi inaitwa Apple Account). Dakika chache, basi.

Kompyuta ndiyo kazi. Unachomeka kebo huku umebonyeza kitufe ili iPad iingie hali ya urejeshaji (recovery mode), kisha unapakua mfumo mzima, gigabaiti kadhaa za bando. Upakuaji ukizidi dakika 15, iPad hutoka kwenye hali hiyo. Unasubiri upakuaji uishe, unarudia. Stima ikipotea je? Na bado, mwishoni iPad itadai ileile Apple ID kama Find My (huduma ya Apple ya kutafuta kifaa kilichopotea) ilikuwa imewashwa. Mimi ningeanza na ya kwanza. Picha zisizo na nakala zinapotea kwa njia zote mbili.