Nimelipia programu ya kutuliza video, ikamkata mwanangu miguu

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sina haja ya kuisubiri ipoe.

Kuna programu moja ya kutuliza video zinazotikisika. Tangazo lake mmeliona: skrini imegawanywa nusu kwa nusu, kushoto kamera inarukaruka, kulia mtu yuleyule anateleza tu bila hata kichwa kucheza. Jina silitaji, nisije nikawapa wateja. Nililipia. Nao mchezo wao ni huu: kuangalia matokeo kwenye kidirisha kidogo ni bure, kuhifadhi ndiyo pesa. Na kwenye kidirisha kile kidogo kila kitu kilikuwa kizuri, lazima niseme.

Video niliyoipa ni ya mwanangu akipiga hatua zake za kwanza. Mimi natembea kinyumenyume mbele yake, simu mkononi, huku nashangilia kwa sauti ambayo leo naionea aibu. Bila shaka inatikisika. Nani angeshika simu kwa utulivu wakati ule? Na si video ya kusema utarekodi tena kesho.

Kilichotoka ni mtoto kuanzia magotini kwenda juu. Miguu hakuna. Video ya hatua za kwanza, haina hatua.

Najua kwa nini inatokea, kwa hiyo msinifundishe. Programu za namna hii huangalia picha ilivyohama kutoka fremu moja hadi nyingine, kisha huisogeza kila fremu upande wa pili ili kufuta mtikisiko. Ukisogeza picha, kingo nyeusi hujitokeza pembeni. Ili kuzificha, programu hukuza picha yote, na kilichokuwa pembeni kinakwenda na maji. Ukitaka utulivu zaidi, utapoteza zaidi. Ndiyo maana wenye kazi zao hurekodi kwa 4K, picha kubwa, hata kama video ya mwisho ni 1080p iliyo ndogo zaidi, wapate pa kukatia. Sawa. Lakini programu ya kulipia si inipe basi pa kuchagua ikate kiasi gani? Hii ina kitufe kimoja. Kimoja! Unabonyeza, unasubiri, unapokea ulichopewa.

Na hata huyo mtoto aliyebaki nusu, nyuma yake ni vituko. Programu ilimshika yeye ikidhani ndiye kitu kisichosogea, basi ukuta na mlango vikawa vinapepea kama pazia.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwa adabu, nikaambatanisha video zote mbili, ya kabla na ya baada. Jibu lilikuja na salamu tamu, kisha mstari mmoja: nashauriwa siku nyingine nitumie kifaa cha kutuliza kamera wakati wa kurekodi, au nishike simu kwa mikono miwili.

Niliusoma mara kadhaa nikitafuta utani. Haukuwepo. Mtu anauza dawa ya homa, ukirudi kulalamika anakuuliza kwa nini uliumwa! Kama ningekuwa na kifaa hicho, ningewapa pesa yangu kwa kazi gani?

Hasira ndizo zilizonipeleka kwenye FFmpeg, programu ya kuchakata video ambayo ni bure na haina hata dirisha, unaandika amri tu. Ndani yake kuna vid.stab, sehemu ya kutuliza video, na Kdenlive, programu ya kuhariri video, nayo huitumia kwa wale wasiotaka kuandika amri. Inafanya kazi kwa raundi mbili: vidstabdetect inapima mtikisiko na kuuandika kwenye faili, kisha vidstabtransform inausahihisha. Humo ndani kuna smoothing, kiasi cha kulainisha mwendo, ambayo isipoguswa ni 10, yaani inalainisha mwendo kwa fremu 21 kwa pamoja: 10 za nyuma, 10 za mbele, na ile iliyopo. Kuna na optzoom, inayoamua picha ikuzwe vipi. Niliiweka 0, isikuze chochote. Miguu ikarudi! Kingo zinacheza pembeni, ukuta bado unayumba kidogo, na sijali. Vidole vyote kumi vinaonekana.

Gyroflow, programu nyingine ya kutuliza video, pia nimejaribu kuisogelea, maana yenyewe haibahatishi kwa kuangalia picha. Inasoma kumbukumbu za jairoskopu ya kamera, yaani kihisio kinachopima kamera inavyozunguka, kwa hiyo mtoto anayetembea hawezi kuidanganya. Tatizo ni kwamba kumbukumbu hizo lazima ziwe zimehifadhiwa wakati wa kurekodi, na simu yangu haikuzihifadhi. Mwenye kamera inayozihifadhi aanzie huko, asipoteze muda kwingine. Na asije mtu kuniuliza kuhusu ule ukungu wa picha iliyorekodiwa kwenye mwanga hafifu: hakuna programu ya kutuliza inayouondoa. Fremu itatulia na ukungu utabaki palepale.

Sasa, nikitaka kuwa mwadilifu, na leo sitaki sana, ile programu mbovu niliipa pia video ya milima niliyoichukua nikiwa ndani ya gari. Kila kitu kiko mbali, hakuna mtu mbele ya kamera, pembeni ni anga tupu. Ikatoka safi kabisa, tena haraka, bila mimi kusoma ukurasa hata mmoja wa maelekezo. Ya bure ilinila jioni nzima. Kwa hiyo anayerekodi mandhari tu, pengine anunue. Nilikuwa nimewapa nyota moja. Nikapandisha hadi tatu.

Kabla sijamaliza kuandika imeingia barua pepe yao. Wanauliza kama nimeridhika na msaada niliopewa, na chini yake kuna punguzo la bei nikilipia mwaka mzima. Nyota moja.