Miezi minne na chupa inayohesabu maji

Daktari aliponionyesha kijiwe kwenye figo yangu ya kushoto, Novemba, aliniambia kwamba natakiwa kukojoa si chini ya lita mbili na nusu kwa siku ili kisirudi kingine. Mimi nikasikia "kunywa" lita mbili na nusu. Nilikaa na kosa hilo hadi Machi, na chupa niliyoinunua haikunisaidia kulitambua. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mwalimu. Nakaa Likoni, Mombasa, na shule yangu iko kisiwani, kwa hiyo kila asubuhi navuka na feri. Aliyewahi kushikwa na maumivu ya kijiwe anajua kwamba ukishapona uko tayari kununua chochote utakachoambiwa kinasaidia. Nikaagiza chupa hii kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni wa Nairobi, shilingi 9,500 pamoja na kuletewa. Inaingia mililita 600. Kwenye kitako mna kifaa kinachopima uzito. Ukinywa na kuitua mezani, kinatuma hesabu kwenye simu kwa Bluetooth. Ukichelewa kunywa, kitako kinawaka taa. Programu yake inakuuliza uzito, urefu na umri, halafu inakupangia kiasi cha siku. Mimi nilipangiwa lita 2.6.

Wiki mbili za mwanzo zilinifunza jambo ambalo nisingelijua bila ile chupa. Nilijua kwamba sinywi maji ya kutosha. Sikujua kwamba tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana nilikuwa sinywi hata funda moja, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwenye simu ile sehemu ilikuwa nyeupe, kila siku mahali pale pale. Sababu naijua, na walimu wenzangu wanaijua: choo cha walimu ni kimoja, mapumziko ni mafupi, na huwezi kuwaacha watoto peke yao katikati ya somo. Basi mtu anajizuia tangu nyumbani. Nilipoiona ile nafasi nyeupe siku kumi mfululizo nikaenda kwa mwalimu mkuu, tukapanga jirani yangu wa darasa la pili aniangalizie watoto dakika tano baada ya kipindi cha tatu. Kwa hilo peke yake nashukuru pesa yangu.

Kuhusu usahihi, niliilinganisha na jagi la kupimia la jikoni. Mezani, nyumbani, inajitahidi: nikinywa mililita 600 inaandika kati ya 560 na 590. Njiani ni habari nyingine. Ndani ya tuktuk, au ukiwa umesimama kwenye feri na mkoba begani, inajiongezea mafunda ambayo hukuyanywa, kwa kuwa mtikisiko inausoma kama maji yamepungua. Tena haijui maji yamekwenda wapi. Siku moja mfereji wa shule ulikauka, nikatawadha kwa maji ya chupa kabla ya Adhuhuri. Simu ikanipongeza kwa kunywa nusu lita.

Na vinywaji vingine je? Mtu wa Mombasa hanywi maji matupu. Kuna kahawa chungu ya jioni barazani, kuna juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, kuna ukwaju, na ukipita bustani ya Mama Ngina mwisho wa wiki huwezi kuliacha dafu. Vyote hivyo lazima uviandike mwenyewe kwenye simu. Orodha ya programu ina kahawa, chai, soda, hata bia, ila madafu hamna. Na dafu nalo halina kipimo: nilimimina mawili kwenye jagi, moja likatoa mililita 350, la pili likakaribia 500. Baada ya wiki ya tatu nikachoka kuandika, na nadhani wengi huchoka hapo hapo. Ndoto ya kikombe kinachotambua chenyewe ulichomiminia si ngeni. Mwaka 2014 kampuni ya Mark One ya San Francisco ilitangaza kikombe kiitwacho Vessyl, kitakachojua kama ni juisi au kahawa na sukari ni kiasi gani. Waliolipia mapema walingoja, na kilichokuja kutoka ni Pryme Vessyl, kinachofuatilia maji tu. Yangu haikuahidi makubwa hayo. Lakini daktari alinishauri nikamulie ndimu kwenye maji na nipunguze chumvi na chai kali, na kwa chupa hii maji ya ndimu na maji ya kisima cha chumvi ni uzito tu.

Ramadhani ikanikuta nayo. Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, ikaanza kuwaka rafuni. Mama akaitazama, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo chupa yako haijui kama twafunga?" Saa za kukumbushwa niliweza kuzibadilisha. Nisichoweza ni kuhamisha mwisho wa siku: programu inafunga hesabu saa sita usiku. Mfungaji anakunywa tangu Magharibi hadi daku, kwa hivyo usiku mmoja ukakatwa vipande viwili na kila siku nikahesabiwa vibaya. Anayetaka kuinunua kwa ajili ya mfungo, asiinunue.

Machi hospitali wakanipa dumu la kukusanya mkojo wa saa 24. Siku ile nilihakikisha kila funda limeandikwa. Simu ikasema nimekunywa lita 2.5, na nikaenda kwa daktari kifua mbele. Dumu lilikuwa na lita moja na robo. Nikamwonyesha ile grafu kwenye simu. Akaitazama kwa adabu, akasema, "Mwalimu, nyingine zimetoka kwa ngozi." Ilikuwa kaskazi bado, darasa langu ni la mabati, lina watoto 54. Chupa ilikuwa imehesabu vizuri kabisa, ila ilikuwa ikihesabu kinachoingia, na mimi niliagizwa kuangalia kinachotoka. Programu ilijua joto la Mombasa kupitia simu na siku za jua kali iliniongezea mililita mia mbili hivi. Haikutosha hata nusu ya jasho langu.

Jambo jingine dogo lakini la kukera: waya wake wa chaji ni wa sumaku, wa aina yake peke yake. Wangu ulipotea, nikazunguka maduka ya simu ya Digo Road nikakosa. Kuagiza mwingine ni shilingi 1,800 na siku tisa za kungoja.

Kama hujui siku yako inakwendaje, kama kila jioni kichwa kinauma na huelewi kwa nini, chupa ya namna hii itakuonyesha mahali palipo pakavu, na wiki mbili au tatu zatosha. Ikiwezekana azima. Kama umepewa kiwango na daktari, kwa figo au kwa moyo, usiitegemee hata kidogo. Muulize daktari kwanza anapima kinachoingia au kinachotoka, na umwombe akuandikie.

Mimi sasa natembea na chupa ya kawaida ya lita moja na nusu, niliyoichora mistari ya saa kwa kalamu ya wino mzito, na ndimu mbili mkobani. Nikienda chooni natazama rangi: ikiwa kama chai ya rangi naongeza maji, ikiwa nyeupe ya kufifia naendelea. Kila mwezi, siku moja ya mapumziko, narudia dumu nyumbani. Juzi lilifika lita mbili na robo. Ile ya 9,500 nimemwazima mwenzangu wa darasa la pili, anayeapa kwamba yeye maji anakunywa. Wiki yake ya pili inaisha Ijumaa, na tumekubaliana tuitazame grafu yake pamoja wakati wa chai.